Karibu: Mwongozo Kamili wa Kumpokea Mgeni, Tangu Hodi Hadi Kumsindikiza

Karibu ni neno ambalo kila mtu huamini analijua, mpaka abishiwe hodi na mkwe saa saba mchana na jikoni hakuna kitu, au apewe kipaza sauti na kuambiwa, "Haya, tukaribishie wageni." Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba neno hili lina madaraja. Karibu ya mlangoni haimpi mgeni kiti, karibu ya kiti haimpi chakula, na karibu ya chakula haimpi kitanda. Mwenyeji anayelijua neno hulitoa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na mgeni anayelijua hungoja kila hatua itamkwe kabla ya kuichukua.

Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo ya mgeni, kuanzia nje ya mlango hadi anapoondoka. Mwishoni tutafika dukani, jukwaani na kwenye mabango, maana huko ndiko neno hili linakoharibiwa zaidi.

Kwanza, lijue neno lenyewe

Karibu limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuwa jirani na kitu. Mzizi huo umetupa pia akraba, yaani jamaa wa damu, na takribani. Ndiyo maana neno moja linasema "nyumba iko karibu na mto", "karibu nianguke", "karibu watu mia mbili walifika", na papo hapo linampokea mgeni. Unapomwambia mtu karibu, unamwambia asogee; umbali uliokuwapo kati yenu umeuondoa wewe mwenye nyumba.

Ingawa asili yake si kitenzi, Kiswahili kimelivika tabia ya amri. Kama tunavyosema njoo na njooni, ingia na ingieni, tunasema karibu kwa mmoja na karibuni kwa wengi. (Karibuni ya "hivi karibuni" ni jambo jingine, hiyo ni ya wakati.) Kutoka hapo tunapata karibia, yaani mtu mwenyewe kusogea, na karibisha, yaani kumfanya mwingine asogee. Tofauti ya herufi chache, lakini ukisema "nilimkaribia mgeni" umesema ulimsogelea tu. Huenda hata hukumpa mkono. Pwani mgeni akiambiwa karibu hujibu, "Nishakaribia," na jibu hilo linafuata maana ya asili kabisa: nimekwisha kusogea, usihangaike.

Kuna maneno ndugu yanayochanganywa nalo. Kumwalika mtu ni kumwita kabla hajaja. Kumlaki ni kutoka kwenda kumpokea njiani, kituoni au bandarini. Kumkaribisha ni kumpa nafasi akifika. Kumkirimu ni kumtendea wema wa chakula na malazi akiwa ndani, na kumsindikiza ni kumtoa. Mgeni anaweza kualikwa asilakiwe, au akakaribishwa bila kualikwa. Huyo wa pili ndiye mgeni wa kawaida kwetu.

Hilo la kukirimu liliwahi kufika mahakamani. Takrima, neno zuri la kumtendea mgeni wema, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania kuhalalisha vyakula na vinywaji vya wagombea wakati wa kampeni, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo wapo watu ambao ukiwatajia takrima wanawaza rushwa kabla ya kuwaza pilau.

Hodi: karibu haisemwi hewani

Karibu ni jibu. Kinacholiita ni hodi, na kazi ya hodi ni ya mgeni. Simama kando ya mlango, usisimame mkabala nao ukichungulia ndani, hasa mlango ukiwa wazi au pazia likipepea. Bisha kwa sauti ya kusikika: "Hodi! Hodi wenyewe!" Nyamaza uwape watu muda wa kujifunga kanga, kuzima redio, kumficha mtoto aliye uchi. Kisha rudia.

Kwa Waislamu, na kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya pwani, hodi ina sheria yake. Qurani, katika Suratun Nur aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na inasema ukiambiwa rudi, rudi. Hadithi zinaweka kikomo: mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Ndiyo maana Unguja, Mombasa au Lamu utasikia "Salaam alaykum" ikipigwa mlangoni mahali pa hodi, au vyote viwili pamoja.

Ukiulizwa "Nani?" taja jina. Usijibu "Mimi." Kila mtu ni mimi. Hadithi ya Jabir inaeleza kwamba hata Mtume alichukizwa na jibu hilo, na mama yeyote aliyeacha mboga motoni kuja kumfungulia "mimi" asiyemfahamu atakuambia hivyohivyo.

Kwa mwenye nyumba, kanuni ni fupi. Ukisikia hodi na uko tayari, itikia "Karibu!" kwa nguvu, kabla hata hujanyanyuka, ili mgeni ajue amesikika. Kama hauko tayari, sema "Subiri kidogo, nakuja." Usiseme karibu kisha ukakimbilia chumbani kuvaa, kwani karibu ikishatoka mdomoni mgeni ana haki ya kusukuma mlango. Na kama anayetafutwa hayupo, semeni hayupo. Nyumba nyingi za pwani, mwanamke akiwa peke yake, hujibu kutoka ndani bila kumwingiza mwanamume mgeni, na mgeni mwenye adabu haulizi kwa nini.

Hodi imesafiri mbali kuliko wengi wanavyojua. Waganda hupiga "koodi" mlangoni, na Malawi wenye kusema Kichewa hupiga "odi". Karibu yenyewe utaikuta Visiwa vya Komoro, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Kwenye majengo ya ghorofa ya Dar es Salaam na Nairobi hodi imegeuka kuwa ujumbe wa simu, "Nipo getini." Sina ugomvi na hilo, ila ukifika kwenye mlango wa nyumba yenyewe bado bisha, ruhusa ya mlinzi ni ya geti peke yake.

Mlangoni: nani anasema nini

Inuka. Kumkaribisha mtu ukiwa umelala kwenye kochi, macho kwenye simu, ni kumwambia umemsikia lakini hujamwona. Nenda mlangoni, shika mlango, na utaje anayekuja: "Karibu, baba mdogo." "Karibu, shemeji." "Karibu sana, mama." Karibu tupu inamfaa asiyejulikana, jina la udugu ndilo linalomwambia mgeni kwamba anatambulika. Kama humfahamu, "Karibu, mzee wangu" au "Karibu, dada" yanatosha.

Salamu hufuata karibu, na ugeni hauondoi umri. Mwenyeji mdogo ndiye anayeamkia: "Karibu babu, shikamoo." Mgeni mdogo naye huamkia wakubwa wote waliomo kabla hajakaa, hata kama ndiye aliyeletwa kwa gari. Watoto wa nyumba waitwe waje kuamkia kisha waondoke. Mtoto anayebaki amesimama akimtazama mgeni mdomoni hajapewa maelekezo na mtu mzima.

Viatu ni mchezo wenye kanuni mbili. Mwenyeji husema, "Ah, pita tu na viatu." Mgeni huvua. Wote wawili wamefanya sawa. Atakayekosea ni mgeni aliyeamini maneno hayo akakanyaga mkeka.

Pita na ingia pia vina nafasi yake. "Karibu" inafungua, "pita" au "pita ndani" inamwongoza mgeni aelekee wapi. Nyumba za kale za Lamu zilipangwa kwa mwendo huu. Kwanza daka, kibaraza chenye viti vya mawe pale mlangoni, ambako mtu wa shughuli fupi alimalizia maneno yake. Vyumba vya ndani kabisa vilikuwa vya wenyewe. Baraza za Mji Mkongwe Unguja zinafanya kazi hiyo mpaka leo. Ukikaribishwa barazani umekaribishwa barazani. Usijipeleke sebuleni, na ukiwa sebuleni usijipeleke jikoni kwa kisingizio cha kusaidia, isipokuwa umeitwa au ni ndugu wa kike wa nyumba hiyo.

Halafu habari. Uliza atokako, safari, watoto, wazee: "Habari za utokako? Hawajambo wote?" Usimuulize amefuata nini. Mgeni aliyekuja ghafla unaweza kumpima kwa neno moja, "Kheri?" naye akajibu "Kheri tu" kama hakuna msiba wala ugonjwa. Shida iliyomleta ataitoa mwenyewe akishakunywa maji. Kumharakisha ni kumwonyesha mlango.

Kiti na maji

"Karibu kiti," au kwa watu wa pwani "karibu kitako," ni karibu ya pili, na ina uzito kuliko ile ya kwanza kwa sababu sasa mgeni anakaa. Toa nguo zilizoanikwa kwenye kochi kabla hujaitamka. Kama viti vimejaa, mdogo ananyanyuka. Mgeni akiona mtu ananyanyuka kwa ajili yake husema, "Starehe, starehe," maana yake kaa, usijisumbue. Neno hilo lishike vizuri, tutalirudia mezani.

Maji hayaulizwi, yanaletwa. Kwenye trei au kisahani, si kwa kushika mdomo wa glasi kwa vidole. Kosa la wenyeji wengi ni kuuliza, "Utakunywa kitu?" Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, "Hapana, usijisumbue," na mwenyeji mvivu hulipokea kwa furaha. Ukitaka kweli mgeni anywe, muulize achague: "Chai au sharubati?" Hapo hana pa kutokea.

Kinacholetwa hutegemea mahali. Pwani ya zamani mgeni aliwekewa tambuu, yaani majani yake pamoja na popoo, chokaa na katu, na wageni wa heshima walifukiziwa udi kwenye chetezo na kurashiwa marashi kwa mrashi. Harusini bado utayaona hayo. Kahawa chungu kwa tende au haluwa ingali hai Unguja na Mombasa, na kwa Waomani wenye asili ya Zanzibar huko Maskati. Ukikaribishwa kahawa huko Ghuba, jua kwamba kikombe kitajazwa tena na tena mpaka ukitikise kidogo unapokirudisha. Kunyamaza hakumaanishi umetosheka. Bukoba mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa kwa majani ya viungo kisha zikakaushwa, na kuchukua hata mbili tatu kunatosha kuonyesha umekubali ukarimu. Kenya bara ni chai ya maziwa, na hapo hakuna wa kukuuliza kama unaitaka. Tanzania, kwa miaka mingi, soda ndiyo iliyomtenganisha mgeni na mwanakaya: mtoto alitumwa dukani na chupa tupu, na watoto wote wakaanza kuombea mgeni asiimalize.

Chakula: hapa ndipo pagumu

Kanuni ya msingi inajulikana kote: anayekula humkaribisha anayemkuta. Iwe ni sinia la pilau au muhogo wa kuchoma kwenye gazeti, iwe ni ndugu au mpita njia, unasema "Karibu" au "Karibu chakula," au "Karibu tule." Kula kimya mbele ya mtu aliyesimama ni jambo ambalo watu hulikumbuka.

Tatizo ni kwamba karibu hii hutolewa na kila mtu kwa kila mtu, kwa hiyo haiwezekani zote ziwe mwaliko wa kunawa. Fundi anayekula chini ya mwembe akikuambia karibu ukipita, amekusalimu. Jibu lake ni "Starehe," au "Ahsante, endelea," au "Ahsante, ndiyo kwanza nimetoka kula," na unaendelea na njia yako. Ukikaa ukamlia nusu ya ugali wake hatakufukuza, lakini kesho akikuona ataanza kula haraka.

Unajuaje basi kama karibu ni ya kweli? Tazama mikono. Karibu ya heshima inabaki mdomoni. Karibu ya kweli inafuatana na kitu: mtu anasogea kukupa nafasi mkekani, mtoto anaambiwa alete maji ya kunawa, sahani nyingine inatoka, kifuniko kinaondolewa. Ikirudiwa pamoja na jina lako, "Karibu bwana, njoo unawe," hiyo ni ya kweli. Ikiulizwa kwa mashaka, "Sijui kama utakula chakula chetu?" hiyo pia ni ya kweli, na kuikataa moja kwa moja kunauma, kwa sababu mwenyeji ameshaona aibu kabla yako.

Kukataa kwa adabu kuna mpangilio wake. Mara ya kwanza unaweza kusema umeshiba. Ukisisitizwa, onja. Nawa, keti, chukua tonge chache, kisha sema, "Nimeonja, ahsanteni, Mungu awazidishie." Hata mwenye tumbo lililojaa anaweza tonge mbili. Kama umefunga, sema "Nimefunga," neno hilo linafunga mjadala mahali popote. Na wewe uliye na chakula, kama ni mchana wa Ramadhani na anayepita ni Mwislamu, usimkaribishe, funika ulichonacho. Karibu yako itoe jua likizama, wakati wa futari, na hapo hakuna kipimo cha wingi wa karibu.

Mgeni akishakubali, mhudumie kwa utaratibu. Maji ya kunawa humiminwa kwa birika juu ya beseni, mgeni wa kwanza, wakubwa wakifuata. "Bismillah" au sala fupi ni ruhusa ya kuanza. Kwenye sinia la pamoja mgeni ale upande wake, na wenyeji wamsogezee nyama kwake bila maneno. Neno "Mbona huli?" lisemwe mara moja au mbili, likizidi linakuwa ukaguzi. Muhimu kuliko yote: mwenyeji asiache kula kabla ya mgeni. Ukinyanyua mkono, mgeni naye atanyanyua, hata kama ana njaa ya safari ya Kigoma. Chezea punje za wali ukisubiri.

Kuhusu "jisikie upo nyumbani": tumeichukua kwa wengine, na mimi huona haina ladha. Kiswahili kina "Hapa ni kwako," kina "Usione haya," kina "Hapa umefika." Tumia hizo.

Mgeni wa kulala

Methali inayojulikana inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitaja kama utani, lakini kuna shairi la jadi linalohesabu siku zote, na linaanza kwa ukarimu wa hali ya juu: "Mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza, mtilie kifuuni, mkaribishe mgeni." Kadiri siku zinavyokwenda chakula kinapungua, siku ya nne jembe linatoka, na ya kumi ni mateke na magumi. Wakati huohuo wazee haohao walisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hakuna mgongano hapo. Mgeni huleta habari, zawadi, na sababu ya kuchinja kuku. Baada ya siku chache yeye si mgeni tena, ni mkaaji, na mkaaji ana kazi.

Kwa mwenyeji, sema mapema mahali pa kulala, pa kuogea na saa ambazo nyumba hufungwa. Karibu isiyo na maelezo humwacha mgeni akitafuta choo gizani. Kwa mgeni, usingoje jembe. Siku ya pili shika ufagio, au nenda sokoni urudi na kitu mkononi. Ukiambiwa "Acha, wewe mgeni," endelea kufagia.

Kuaga na karibu tena

Mgeni haondoki, anaomba ruhusa. "Jamani, naomba ruhusa," au "Nipeni ruhusa niende." Mwenyeji hujibu kwa kushangaa, "Mbona mapema?" hata kama jua limezama, na mgeni hupewa dakika chache nyingine za heshima. Ndipo hufuata "Karibu tena," na jibu lake zuri ni kugeuza mwaliko: "Ahsante, na nyinyi karibuni kwetu."

Msindikize. Kumwacha mgeni ajifungulie mlango ni kufuta yote yaliyotangulia. Umbali hutegemea heshima yake na giza lililopo: hadi getini, hadi njia kuu, hadi apande gari. Mazungumzo ya maana mara nyingi hutokea hapo njiani, shida iliyomleta hutajwa akiwa mguu mmoja nje, kwa hiyo usitume mtoto akusindikizie. Na kama alikuja na chombo chenye kitu, chombo kisirudi kitupu. Weka hata ndimu.

Kuna mahali "karibu tena" haisemwi. Muuguzi akimruhusu mgonjwa aseme "Ugua pole," kwani hakuna anayetaka kukaribishwa tena wodini. Msibani vivyo hivyo. Anayefika husema "Poleni," wafiwa humwonyesha pa kukaa kwa sauti ya chini, na akiondoka huambiwa "Ahsante kwa kuja." Karibu ya kicheko kwenye matanga itawafanya watu wageuze vichwa.

Na karibu kama jibu la ahsante? Siku hizi imeenea, mijini na hasa Kenya, na haitatoka. Wapo wanaoipinga wakisema ni tabia ya lugha ya kigeni. Mimi siikatazi, ila napenda yale yaliyokuwapo: "Haya," "Ahsante nawe," "Usijali," "Si neno," na ile starehe ya mezani, ambayo hapa pia inafaa kabisa.

Dukani na jukwaani

Kariakoo karibu ni chambo. "Karibu kaka, karibu dada, kuangalia bure!" Haikulazimishi kununua, lakini inakudai jibu. "Ahsante, napita" inatosha. Kwa mfanyabiashara, ushauri wangu ni kuisema mara moja kisha umwache mteja aangalie. Karibu inayomfuata mtu kutoka rafu hadi rafu inamtoa nje.

Jukwaani, kumkaribisha mtu kuna maana mbili, kumpokea na kumpa nafasi ya kuzungumza, na mshereheshaji mzuri hazichanganyi. Ukipewa neno la ukaribisho, liwe fupi kuliko unavyotaka. Anza kwa kuwataja wa juu kwa vyeo vyao, kuanzia mgeni rasmi, kisha useme "itifaki imezingatiwa" na uachane na orodha. Eleza unawakaribisha kwa niaba ya nani, na kwenye shughuli gani. Halafu wape kile ambacho mgeni anakihitaji kweli: ratiba, maji, choo, saa ya chakula. Kisha kabidhi kipaza sauti. Mfano:

"Mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa. Kwa niaba ya kamati ya shule nawakaribisha nyote kwenye mahafali ya vijana wetu. Maji ya kunywa yako mlangoni, vyoo viko nyuma ya madarasa, na chakula kitakuwa tayari saa saba. Sasa naomba nimkaribishe mwalimu mkuu, aje amkaribishe mgeni rasmi."

Ona hiyo sentensi ya mwisho. Katika shughuli rasmi za Tanzania mshereheshaji hamwiti mgeni rasmi moja kwa moja. Karibu hupanda ngazi: mkuu wa wilaya humkaribisha mkuu wa mkoa, naye mkuu wa mkoa humkaribisha waziri. Ukiiruka ngazi moja, mtu fulani pale mbele atakuwa amenyimwa dakika zake tatu, na atakukumbuka. Kwa hiyo kabla ya shughuli muulize mwandaaji, "Nani anamkaribisha nani?" uandike kwenye karatasi.

Kadi, mabango na mikeka ya mlangoni

Maandishi hayana sauti ya kuyaokoa, kwa hiyo sarufi inahesabika. "Karibu wageni wote" ni kosa linaloonekana kila mahali. Wageni ni wengi, andika "Karibuni wageni wote" au "Wageni wote mnakaribishwa". Mkeka wa mlangoni au bango la mjini linaweza kubaki na "Karibu," kwa kuwa linamsemesha kila asomaye peke yake, lakini lisichanganye: "Karibu, mjisikie huru" ina mtu mmoja mwanzoni na kundi mwishoni.

Jina la mahali hufuata bila kiunganishi: "Karibu Tanga," "Karibu Kisumu," "Karibuni Bukavu." "Karibu kwa Tanga" si Kiswahili. Kwa jambo au jengo tumia kwenye, katika, au kiambishi cha mahali: "Karibuni kwenye harambee," "Karibuni mkutanoni," "Karibuni nyumbani kwetu." "Karibu kwa nyumba yetu" huzungumzwa sana Nairobi, na kwa mdomo hakuna tatizo la kueleweka, ila kwenye kadi ya harusi itakaa sebuleni kwa watu miaka mingi, iandike vizuri.

Kwenye kadi hiyohiyo, tofautisha kualika na kukaribisha. Kabla ya siku yenyewe familia "inayo furaha kukualika", bango la ukumbini siku hiyo ndilo linalosema "Karibuni." Na jina la anayealikwa likiwa la mtu mmoja, andika "unaalikwa", likiwa "Bwana na Bibi" fulani, "mnaalikwa". Kadi nyingi huchapwa kwa umoja kisha majina mawili yakaandikwa kwa kalamu juu yake. Mwambie mchapaji aache nafasi ya herufi hiyo moja, au achape mafungu mawili.